Mtoto na Kitabu: Jinsi ya Kumpendezesha Kusoma Nyumbani



Katika barua tulizozipokea imo moja iliyotoka Masimba, katika nchi ya Kisii, kwa ndugu yetu mmoja mwenye asili ya Mwambao aliyehamia huko kwa ajili ya biashara. Atueleza kwamba watoto wake ni watatu, na mama yao ndiye anayewasomesha nyumbani, kwa kuwa chuo cha Qur'ani kiko mbali nao. Mkubwa wao ana miaka minane. Herufi azijua zote, na akilazimishwa kusoma husoma. Lakini akiona kitabu kinatolewa kabatini, yeye huingia mvunguni mwa kitanda akajificha. Baba yake atuuliza: Jee, mtoto huyu ni mvivu? Na dawa yake ni nini?

Tumeliona suali hili lafaa kujibiwa mbele ya wote, wala si kwa barua ya siri. Kwani mvungu huo haupo Masimba peke yake. Upo Mombasa, upo Lamu, upo Malindi. Watoto wangapi miongoni mwetu wamehitimu msahafu, na wakapita skuli mwaka baada ya mwaka, na leo ni watu wazima ambao hawajafungua kitabu kwa khiyari yao tangu siku waliyofanya mtihani wa mwisho? Watu hao wajua kusoma, walakini hawasomi. Na mtu ajuaye kusoma asisome, hali yake yakaribiana sana na ya yule asiyejua.

Na ifahamike mapema kwamba hatuwashauri watu hapa kuwatoa watoto wao skuli. Mwenye kumsomesha mwanawe nyumbani ana wajibu wake mbele ya Mola na mbele ya sheria ya nchi, na mwenye kumpeleka skuli ana wajibu wake vilevile. Maneno yetu ni kwa wote wawili, kwani hata mtoto wa skuli hurudi nyumbani alasiri, na hukaa nyumbani siku za mapumziko. Mapenzi ya kitabu hupandwa katika saa hizo.

KUSOMA KUNA DARAJA TATU

Kwanza, yatupasa tujue tunatafuta nini. Kusoma kuna daraja tatu, na wengi wetu huzichanganya.

Daraja ya kwanza ni kutamka: mtoto aona herufi, akatoa sauti yake. Daraja ya pili ni kufahamu: sauti ile ikawa maana moyoni mwake. Daraja ya tatu ni kupenda: akawa atafuta kitabu mwenyewe bila ya kuitwa.

Kutamka Qur'ani tukufu kuna thawabu yake hata kwa asiyefahamu maana, na hilo hatuna shaka nalo. Lakini haifai kuchukua hukumu hiyo tukaitia katika kila kitabu. Kitabu cha hadithi, cha tarekhe, cha hesabu au cha afya hakina faida kwa mtoto anayekitamka tu kama kasuku. Na hapa ndipo linapotokea kosa: mzazi akimsikia mwanawe atamka vizuri, husema kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Shirika la Uwezo, lililoanza mwaka 2009, liliwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao. Ripoti zake za miaka ya mwanzo zilionyesha mara kwa mara kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma na kufahamu hadithi fupi ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa wakienda skuli kila siku. Kwa hiyo kukaa darasani ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine.

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Neno la kwanza lililomteremkia Mtume wetu katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma. Umma huu ulianza kwa kusoma kabla haujaanza kwa jambo jingine lolote. Na baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, wale mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Ansari kuandika. Tazama jambo hili, ndugu yetu! Mali ilikuwa ikihitajiwa sana Madina siku zile, na juu ya hivyo kalamu ya mtoto ikapimwa kwa uzani wa fedha.

Wala ilimu hiyo haikuwa ya wanaume peke yao. Bibi Shifa binti Abdillahi alikuwa akijua kuandika, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.). Kwa hiyo mama anayewasomesha wanawe nyumbani Masimba hakuzua jambo geni. Amefuata njia iliyotangulia.

Ama namna ya kumfundisha mtoto, wanavyuoni wetu wamesema maneno ambayo wengi wetu tumeyasahau. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alieleza katika kitabu chake cha Ihyau Ulumid-Din kwamba mtoto akishatoka chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema ili apumzike na taabu ya masomo, na akaonya kwamba kumnyima mchezo na kumkalisha katika masomo daima huua moyo wake, akawa atafuta hila ya kutoroka. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), aliandika katika Muqaddima yake mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, khasa wadogo. Maana ya maneno yake ni kwamba mtoto alelewaye kwa kutezwa nguvu hupoteza uchangamfu, huwa mvivu, na hujifunza uwongo na hila ili aiepuke fimbo.

Basi suali la ndugu yetu limekwisha jibiwa zamani. Mtoto yule wa mvunguni si mvivu. Yeye amejifunza hila ambayo Imam Ghazali aliitaja miaka mia tisa iliyopita, wala hakuzaliwa nayo. Na yaliyofundishwa yaweza kufundishuka.

Na mtu asiseme kwamba kucheza na mtoto ni kujishusha. Bwana Mtume alikuwa na umma mzima mabegani mwake, naye alipomkuta Abu Umair, ndugu yake mdogo Anas bin Malik, alimuuliza khabari za kindege chake alichokuwa akikichezea. Alianza kwa jambo ambalo mtoto mwenyewe alipenda. Ukiifahamu khabari hii umefahamu nusu ya somo letu la leo.

WAZEE WETU WA MWAMBAO WALIFANYAJE?

Yuko nani katika sisi asiyelisikia jina la Mwana Kupona binti Msham? Bibi huyu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Kiasi cha mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zipatazo mia moja, ukimpa mafunzo ya dini na ya maisha. Hakuwa na skuli ya kumpeleka, wala hakumwita mwalimu kutoka mbali. Aliyafanya maneno yake mwenyewe kuwa kitabu cha mwanawe, na akayatia katika mizani ya utungo ili yawe matamu masikioni na mepesi kukaa moyoni. Mtu ana khiyari ya kujadiliana juu ya yaliyomo, kwani zama zimebadilika. Lakini hapana awezaye kukanusha kwamba huyo ni mama aliyemsomesha mwanawe nyumbani, na kwa njia ya kupendeza.

Kisha akaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa Mombasa gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Sheikh alikuwa bahari ya Kiarabu, na lau angalitaka kuandika kwa ajili ya wanavyuoni wenziwe tu angaliweza. Bali alichagua kuwaandikia watu kwa lugha waliyoifahamu, na akawatungia watoto vitabu vya masomo vilivyo vyepesi. Alijua kwamba mtu hupenda asichochoka kukifahamu.

Basi tuna mifano miwili katika nyumba yetu wenyewe: mama aliyetia ladha, na sheikh aliyetia wepesi. Ladha na wepesi ndiyo dawa tunayoitafuta.

MWAKA ULIOTUFUNGULIA MACHO

Wako watakaosema: Haya ni ya wanaosomesha nyumbani, sisi hayatuhusu. Twawakumbusha mwaka 2020. Tarehe 15 Machi ilitangazwa kufungwa skuli zote za Kenya kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa machache yalirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Tanzania ilifunga mwezi huohuo wa Machi, ikafungua mwisho wa Juni. Uganda watoto wengi hawakurudi sawasawa mpaka tarehe 10 Januari 2022, yaani karibu na miaka miwili.

Katika muda huo kila nyumba ilikuwa skuli, ikipenda isipende. Na zikadhihirika nyumba za namna mbili. Nyumba iliyokuwa na desturi ya kitabu, watoto wake waliendelea, hata kama vitabu vyenyewe vilikuwa vitatu na vimechanika majalada. Na nyumba ambayo kusoma ilikuwa kazi ya mwalimu peke yake, watoto walisahau hata yale waliyoyajua. Mali haikuwa ndiyo tafauti. Tafauti ilikuwa desturi, na desturi haijengwi siku ya msiba. Hujengwa kabla yake.

NJIA SABA ZA KUMPENDEZESHA MTOTO KUSOMA

Ya kwanza: Msomee. Mtoto mdogo asomapo mwenyewe, nguvu zake zote huishia katika kuunganisha herufi, hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Hapo hana ladha anayoionja. Lakini ukimsomea wewe, umembebea mzigo wa herufi, naye amebaki na utamu wa khabari. Msomee kila siku baada ya Magharibi au kabla ya kulala, robo saa yatosha. Badilisha sauti: simba awe na sauti ya simba, na sungura awe na ya sungura. Na ukifika pahali patamu, funga kitabu, useme: yaliyobaki ni kesho. Kesho yake yeye ndiye atakayekuletea kitabu.

Wala usiache kumsomea kwa kuwa amekwisha jua kusoma. Wazee wengi huacha hapo, na mtoto huona kwamba malipo ya kujua kusoma ni kunyimwa hadithi.

Ya pili: Paukwa! Pakawa! Hadithi za bibi na vitendawili vya baraza ndizo skuli za kwanza za akili ya mtoto. Mtoto ateguaye kitendawili amejizoeza kutafuta maana iliyofichika chini ya maneno, na kusoma si chochote ila hivyo. Basi vitegeni usiku, na asubuhi mtoto aviandike katika daftari, kitendawili upande mmoja na jibu lake nyuma ya karatasi. Daftari likijaa, ametunga kitabu chake cha kwanza, na hapana kitabu mtoto anachokipenda kuliko alichokiandika mwenyewe.

Ya tatu: Soma yaliyo mbele yako. Ndugu yetu ana duka. Duka ni chuo kwa mwenye kufahamu. Mtoto na asome majina juu ya magunia na makopo: unga, mchele, sukari, sabuni, majani ya chai. Mpe kazi ya kuandika orodha ya vitu vilivyokwisha, kisha aisome mbele ya baba yake siku ya kwenda kununua. Akiona kwamba alichokiandika kimemletea sukari dukani, atajua kwamba maandishi yana nguvu katika dunia. Aliye Mombasa na amsomeshe mwanawe majina ya njia na ya maduka watembeapo kwenda sokoni. Aliye Lamu ana majina ya majahazi pwani.

Ya nne: Barua. Hapana mtoto asiyependa kupata barua yenye jina lake. Mtoto wa Masimba na amwandikie nyanya yake aliye Mwambao, amweleze juu ya vilima vya chai, na migomba, na mvua ya mchana. Na nyanya, hata kama hajui kuandika, atafute mjukuu wa kumwandikia jibu, akate suali ndani yake ili mazungumzo yasikatike. Leo watu hutumiana sauti katika simu kwa nukta moja, na hilo si baya, lakini sauti hupita na barua hubaki. Barua iliyowekwa katika sanduku husomwa mara kumi.

Ya tano: Lugha mbili ni mali mbili. Mtoto wa Masimba asikia Kiswahili nyumbani na Ekegusii njiani. Wazazi wengine huogopa jambo hili, wakamkataza mtoto lugha ya majirani. Sisi twaona ni neema. Kiswahili na Ekegusii ni ndugu wa ukoo mmoja, na mtoto aweza kucheza kwa kuutafuta undugu huo. Na aandike safu mbili: huku mtu, kule omonto, huku watu, kule abanto, huku mti, kule omote, huku nyumba, kule enyomba, huku mwana, kule omwana. Kila jioni na alete neno moja alilolisikia kwa wenziwe, alitafutie ndugu yake. Mchezo huu haugharimu senti, nao wamfunza mtoto kutazama neno kwa makini, na wamfunza pia kuwaheshimu majirani zake.

Na hapa tutaje jambo la maana. Kiswahili chaandikwa kama kitamkwavyo: herufi ba ni ba popote uionapo. Mtoto anayekisema Kiswahili aweza kujua kukisoma kwa muda mchache. Kiingereza hakiko hivyo, kwani herufi zilezile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Mtoto akianzishwa kwa lugha asiyoisema, tena ambayo maandishi yake hayafuati sauti zake, hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mwanzishe kwa lugha ya mama yake. Akishapenda kusoma katika lugha moja, mapenzi hayo atayahamisha katika nyingine.

Ya sita: Mkubwa amsomee mdogo. Huyu mtoto wa miaka minane ana ndugu wawili nyuma yake. Usimwambie: njoo usome. Mwambie: mdogo wako ataka hadithi, nami nina kazi, jee waweza kunisaidia? Mbele ya mzazi yeye ni mwanafunzi anayengoja kukosolewa. Mbele ya mdogo wake yeye ni mwalimu. Akikosea, mdogo hatamcheka. Na kitabu kitakuwa chepesi kuliko daraja yake, na wepesi huo ndio utakaomzoeza ulimi bila ya yeye kujua kwamba yuko masomoni.

Ya saba: Kapu la vitabu. Nyumba tano au sita ziungane, kila moja itoe vitabu viwili au vitatu, vitiwe katika kapu, nalo lihame kila juma kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Mtoto mmoja awe ndiye mwekaji wa daftari la kapu, ajue nani amechukua nini. Msione ni jambo dogo. Shirika la maktaba la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilipoona kwamba wafugaji wa upande wa Garissa hawawezi kuifuata maktaba, mwaka 1996 liliwapakilia ngamia vitabu likawafuata wao. Ikiwa ngamia ameweza kubeba maktaba jangwani, sisi hatuwezi kubeba kapu kutoka mtaa hadi mtaa?

YANAYOUA MAPENZI HAYO

Hizo ni njia za kujenga. Ama za kubomoa, ni nne ambazo mzazi na ajihadhari nazo.

La kwanza ni kukifanya kitabu kuwa adhabu. Mtoto akivunja kikombe akaambiwa: keti chini usome kurasa tano! Jee, atakipendaje kitu anacholipia makosa yake? La pili ni kumfananisha na mwenziwe: mbona mtoto wa fulani asoma vizuri na wewe huwezi? Neno hili halikumfanya mtoto yeyote asome, bali huwafanya wawili wachukiane. La tatu ni kumkosoa kila neno. Akikosea neno lisilogeuza maana, mwache apite, umrudie mwisho. Isipokuwa Qur'ani, ambayo ina hukumu zake za kutamka. Na hata hapo, sahihisha kwa upole. La nne ni mzazi mwenyewe kutosoma. Baba arudi nyumbani, akae na simu mkononi mpaka usiku, kisha amwambie mwanawe: soma! Mtoto hufuata anayoyaona kabla ya kufuata anayoyasikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

HOJA ZA WAPINZANI NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao: Hadithi za sungura na za Abunuwasi ni uwongo, na sisi tumekatazwa uwongo. Twawajibu: Mwenye kusema uwongo ni yule atakaye kuaminiwa. Msimulizi wa sungura hataki mtu aamini kwamba sungura alisema, na mtoto wa miaka mitano alijua hilo. Hata hivyo mfunzeni kupambanua hekaya na khabari, na mtangulizie visa vya kweli: kisa cha Nabii Yusuf na ndugu zake, cha Nabii Musa na mja mwema, cha hudhudi na chungu wa Nabii Suleiman. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametufunza kwa visa, naye ajua zaidi ni kipi kinachoingia moyoni.

Wako wasemao: Vitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini Imam Shafi, ambaye sisi twafuata madhehebu yake, alilelewa Makka na mama yake akiwa yatima, hana pesa za karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa na nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika. Aliyekosa mali hakukosa njia. Leo, mwenye simu aweza kupata bila malipo hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Afrika katika mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini. Mzazi na azitazame kwanza, achague zifaazo, kisha mtoto azinakili katika daftari na kuzichorea picha. Hivyo simu imekuwa mtumishi wa kitabu, haikuwa adui yake.

Na wako wasemao, nao ndio tunaowahurumia zaidi: Mimi mwenyewe sijui kusoma, nitamsomeaje mwanangu? Dada yetu, kaka yetu, wewe una hazina ya hadithi ambayo haimo kitabuni. Msimulie. Kisha mwambie akusomee, nawe usikilize kwa makini, uulize: ikawaje? Kwa nini alifanya hivyo? Mtoto akijua kwamba mama yake angoja kusikia mwisho wa hadithi kutoka kinywani mwake, atasoma kwa bidii kuliko mbele ya mwalimu yeyote. Na huenda nawe, kwa kukaa karibu naye kila jioni, ukajikuta umezijua herufi. Ilimu haina umri.

RATIBA YA JUMA MOJA

Kwa atakaye kuanza, hii hapa ratiba nyepesi. Jumamosi, kusomewa hadithi, ikatwe pahali patamu. Jumapili, kuimalizia, na mtoto aisimulie kwa maneno yake. Jumatatu, vitendawili na kuviandika. Jumanne, kusoma na kuandika mambo ya dukani au ya sokoni. Jumatano, mkubwa amsomee mdogo. Alkhamisi, barua. Ijumaa, baada ya Alasiri, kapu la vitabu: kila mtoto achague kitabu apendacho mwenyewe, wala asiulizwe suali lolote juu yake. Hiyo ndiyo siku yake ya uhuru, na msiinyang'anye.

Robo saa kwa siku ni chini ya saa mbili kwa juma. Na kwa mwaka ni saa tisini na zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtoto aliyekwisha kuogopa kitabu, kama huyu tuliyeulizwa khabari zake, anzeni kwa kumsomea tu muda wa mwezi mzima, msimtake asome hata neno moja. Woga ulioingia kwa mwaka hautoki kwa siku moja. Siku atakayosema mwenyewe, nipe mimi nisome, mpeni, wala msimshangilie mno akaona haya. Mpeni kama kwamba ni jambo la kawaida.

MASUALI YA DARASA

1. Zitaje daraja tatu za kusoma. Wewe mwenyewe uko katika ipi?
2. Mateka wa Badr walijikomboa kwa nini? Hilo latufunza nini juu ya thamani ya kumfundisha mtoto?
3. Imam Ghazali na Ibn Khaldun walisemaje juu ya mchezo na juu ya ukali?
4. Kwa nini ni bora mtoto aanzishwe kusoma kwa lugha anayoisema?
5. Ni lipi katika yale manne yanayoua mapenzi ya kusoma lililomo nyumbani mwako? Utaliondoaje?
6. Hesabuni, ninyi mliohudhuria darasa hili: mna vitabu vingapi vya watoto kati yenu? Jee, havitoshi kujaza kapu moja?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafanye wana wetu kuwa wenye kusoma na kufahamu, na wenye kuyafuata mema waliyoyafahamu. Wabillahi tawfiq.